Picha ya Kapteni

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, asubuhi ya Jumatatu, Akuwam alifika nyumbani kwa Mhandisi Ekiru, mtaa wa Nakwamekwi, Lodwar, akiwa amemshika mbwa kwa kamba. Alikuta lango wazi. Akashtuka, maana mzee Aukot, askari wa nyumba ile, hakuwa mtu wa kuacha lango wazi hata akienda msalani. Mbwa, jina lake Kapteni, alimvuta mpaka nyuma ya jiko, akasimama, akagoma kuendelea. Mzee alikuwa amelala kifudifudi mchangani, kisogo kimebonyea, na nzi walikuwa wamemwahi.

Sajini Apua wa upelelezi alifika saa moja na robo. Alikuwa mama mfupi, mchache wa maneno, na alipenda kuchuchumaa na kutazama ardhi kwa muda mrefu mpaka wenzake wakachoka. Konstebo waliokuja naye walikimbilia stoo, wakarudi na habari kwamba betri za sola zimeng'olewa. Yeye akabaki palepale kwenye majivu ya moto.

Kando ya majivu kilisimama kigoda cha marehemu, ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturukana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, wala hamwazimi mtu. Kilikuwa na mguu mmoja. Mbele yake, hatua mbili, mchanga ulikuwa na alama ya kigoda kingine, cha miguu miwili, na kigoda chenyewe hakikuwepo. Basi mzee hakuvamiwa. Alikuwa na mgeni, wakakaa, wakaongea.

Ndani ya ua, karibu na seng'enge, Apua aliona kipande cha pafu la mbuzi. Hakijaguswa. Kilinuka dawa ya kupe ya kuogeshea mifugo, na siafu waliokizunguka walikuwa wamekufa wote. Akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, akamgeukia Akuwam.

"Huyu mbwa analala hapa?"

"Kwa kawaida, ndiyo. Lakini tangu Jumatano yuko kwangu. Mhandisi alisafiri kwenda Kitale."

Akuwam akaeleza kazi yake. Alikuwa amefungua biashara miezi miwili iliyopita: kutunza mbwa na paka wa watu wa mashirika wanapokwenda likizo. Watu wa mtaa walimcheka, wakauliza lini ataanza kutunza kuku wa watu. Yeye hakujali. Alitengeneza tovuti mwenyewe kwa simu yake, usiku kwa usiku, bila kufundishwa na mtu. Akamwonyesha Apua ilivyokuwa zamani, maana alikuwa ameihifadhi. Sajini aliposoma akapigwa na butwaa. Chini ya kila mnyama palikuwa na jina la mwenyewe, mtaa anaokaa, na siku atakayorudi. Kapteni wa Mhandisi Ekiru, Nakwamekwi, yuko nasi hadi tarehe kumi na nane.

"Wewe dada, ulitangazia wezi nyumba zisizo na watu."

"Nilidhani nawakaribisha wageni kwa heshima," Akuwam akasema. Machozi yakamtoka. "Atem ndiye aliniambia ni makosa. Akazifuta habari hizo Ijumaa."

Atem alikuwa kijana wa Sudan Kusini, mkimbizi wa Kakuma, fundi wa kompyuta. Akuwam alimwita aje kuirekebisha tovuti: picha ziwe safi, ijifungue haraka hata mtandao ukiwa mbovu, wateja waweze kuweka nafasi. Alifika Ijumaa, akafanya kazi mpaka Jumapili jioni, akaondoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri na gari la kwanza.

Mkuu wa kituo aliposikia hayo hakutaka mengine. Mgeni, anajua nyumba iko tupu, ameondoka gizani. Akamwambia Apua aende Kakuma amlete na pingu, na kesho saa nane mchana kijana asimame mbele ya hakimu kwa kosa la mauaji. Apua akataja kigoda. Mkuu akamwambia mahakama haihukumu vigoda.

Kabla ya kushika njia alipitia Napetet, nyumbani kwa marehemu, kupeleka habari. Aliikuta imeshafika. Binti wa mzee, Nakuleu, alikuwa ameketi mbele ya zizi, mkavu, hana hata chozi la kutoa.

"Ejok," Apua akamsalimu kwa sauti ya chini.

"Ejok. Wewe ndiye wa kumtafuta muuaji? Wa kaka yangu hamkumtafuta."

Ndipo Apua akakumbuka. Wiki tatu nyuma, kijana wa Aukot alipigwa risasi akichunga upande wa Kainuk, na mbuzi kumi na moja wakachukuliwa. Kila mtu alisema ni maadui wa ng'ambo ya mpaka. Faili likafungwa. Apua mwenyewe ndiye aliyelipeleka kabatini, na sasa aliona aibu. Akawatazama mbuzi watatu waliobaki, kwa kukosa pa kuweka macho. Masikio yao yalikuwa yamechanjwa kwa mtindo mmoja: ncha imekatwa, na mapengo mawili upande wa chini. Ni alama ya ukoo, na haifanani na ya ukoo mwingine.

Alifika Kakuma saa nane mchana. Kibanda cha Atem kilikuwa cha mabati, kompyuta nne, pangaboi moja lililokufa. Alipoona sare ya konstebo nyuma ya Apua, kijana aliinua mikono juu bila kuambiwa. Alikuwa ameshawahi kukamatwa maishani, inaonekana, tena si mara moja.

"Mbona uliondoka alfajiri?" Apua akamuuliza.

"Karatasi yangu ya ruhusa ya kutoka kambini iliisha Jumapili, Afande. Niliogopa vizuizi vya njiani. Saa ile polisi wanasinzia." Akagundua alichosema. "Samahani."

Apua karibu acheke. Akaketi, akamwambia amweleze zile siku tatu, saa kwa saa, asiruke kitu.

Atem akaeleza. Ijumaa alifuta ile orodha. Jumamosi asubuhi akapiga picha za mbwa. Saa kumi jioni mzee Aukot akaja kumjulia hali Kapteni, na Akuwam, kwa furaha yake, akamwonyesha picha mpya kwenye kompyuta. Mzee akaitazama picha moja muda mrefu. Akaomba ikuzwe. Kisha akaongea na Akuwam kwa Kiturukana, Atem asielewe, na Akuwam alipomtafsiria akamwambia mzee anataka mbwa arudishwe nyumbani, anaogopa kulala peke yake. Akuwam akamwahidi mzee kesho, Jumapili, saa kumi na moja jioni.

"Nani mwingine alisikia ahadi hiyo?"

"Mimi. Na yule wa bucha, Ekaale. Alikuwa ameleta chakula cha mbwa. Alitoka pamoja na mzee."

"Mbona mbwa hakurudishwa?"

Atem akainamisha kichwa. Jumapili saa tano asubuhi, akasema, Ekaale alikuja tena, akatazama kazi yao, akasema ile picha ya Kapteni ni chafu, itawafukuza wateja, iondolewe. Kweli haikuwa nzuri. Wakaiondoa. Ikabidi wapige nyingine, na Atem alitaka jua la jioni, lile la dhahabu. Kwa hiyo wakamshikilia mbwa. Giza likaingia, Akuwam akasema basi, nitampeleka asubuhi.

"Hiyo picha chafu unayo bado?"

Alikuwa nayo. Ilipofunguka, Apua alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kapteni alikuwa amelala chini, ameshika kwa meno sikio kavu la mbuzi. Ncha imekatwa. Mapengo mawili upande wa chini.

Sajini aliyafuata mapengo yale kwa kidole juu ya kioo. Alijua watu wa bucha huyachoma masikio ya mnyama asiye na maelezo, tena kabla ya jua kuchomoza. Lakini kabla ya Akuwam hakuna mtu Lodwar aliyewahi kununua masikio ya mbuzi. Ilikuwa biashara mpya, ya mtu kujiambia kitu cha kutupwa kimepata mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe ni mbwa. Mbwa hasomi alama. Nani angefikiri mbwa atapigwa picha?

Alimrudisha Atem Lodwar, kwa kuwa aliamriwa, ila pingu hakumfunga. Jioni daktari wa mochari akampa taarifa yake: mzee alipigwa kwa kitu kizito cha mbao, na kwenye nywele palipatikana kibanzi kilicholowa mafuta ya mnyama. Akuwam naye alithibitisha kwamba mzee aliuliza jambo moja tu kuhusu picha ile, masikio yametoka wapi. Akamjibu, kwa Ekaale.

Jumanne saa tatu asubuhi Apua aliingia buchani kwa Ekaale, pamoja na Akuwam, Atem na konstebo wawili. Ekaale alikuwa amekalia kreti ya soda, akinoa kisu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mpole wa sura, anayejulikana kwa kuwaongezea wajane nyama.

"Ejok, mzee Ekaale. Kigoda chako kiko wapi?"

Kisu kikasimama juu ya jiwe. "Kimepotea."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Jumapili saa tano ulikikalia kwangu," Akuwam akasema polepole. "Kile cha miguu miwili. Ulipoinuka ukakipaka mafuta ya mnyama pale mlangoni."

Apua alivuta kreti nyingine, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Akamweleza bila kupandisha sauti. Kwamba aliyemuua Aukot alitupa pafu lenye sumu juu ya seng'enge kwanza, maana aliamini mbwa yumo. Aliyesoma tovuti ya zamani angejua mbwa hayupo. Akuwam na Atem walijua mbwa hayupo, walikuwa naye. Mmoja tu alisikia ahadi ya Jumamosi na hakuona kilichotokea Jumapili jioni. Kwamba betri ziliibwa ili lawama iangukie ile orodha iliyokwishasomwa na mji mzima. Kisha akaiweka picha mbele yake, iliyochapishwa kubwa, na sikio katikati.

Ekaale aliitazama. Hakubisha. 

"Jumamosi alinishika mkono pale nje," Ekaale akasema. "Akaniambia, Ekaale, mbuzi sitaki unilipe. Nitajie aliyempiga mwanangu risasi, kabla sijaenda kwa chifu. Akanipa mpaka kesho usiku."

"Ni nani?"

"Mdogo wangu." Alifuta kisu kwenye aproni, pande zote mbili, akakiweka chini mbali na mkono wake. "Hakukusudia. Kijana aliwakimbilia mbuzi badala ya kukimbia. Mimi nilikuja kuwapokea tu. Nikawachinja upesi, nikachoma ngozi, nikachoma vichwa. Masikio nikayaacha, kwa kuwa huyu dada aliniambia mbwa wanayapenda."

"Ulikwenda kumuua?"

"Nilikwenda na sumu ya mbwa, Afande. Kwa mtu sikuwa na kitu. Nilimwomba. Nilipiga magoti. Akasema atakwenda kwa chifu kukicha, akageuka kuchochea moto. Kigoda kilikuwa mkononi mwangu."

Betri zilipatikana chini ya magunia ya chumvi. Kigoda alikuwa amekichoma. Konstebo walifukua kwenye majivu ya machinjio kipande cha mguu kisichoungua vizuri. Mdogo wake alikamatwa Kainuk mchana huohuo, na saa nane aliyesimama mbele ya hakimu alikuwa Ekaale, si Atem. Mkuu wa kituo hakusema lolote kuhusu vigoda. Apua alilitoa lile faili kabatini, akalifungua upya, akapeleka habari Napetet kwa miguu yake. Nakuleu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na hakumkaribisha kuketi.

Jioni alipita kwa Akuwam kuchukua maelezo ya mwisho yatiwe sahihi. Mbwa walikuwa wamelishwa. Atem alikuwa mezani, karatasi mpya ya ruhusa mfukoni, iliyogongwa muhuri kwa msaada wa Apua. Tovuti ilikuwa tayari. Ilifunguka haraka, maandishi yamepangika, haina jina la mteja wala mtaa. Juu kabisa alikuwa Kapteni, amesimama wima, jua la jioni limemwangukia mgongoni. Ilikuwa picha nzuri kweli, na Apua alisema hivyo.

Atem akamuuliza Akuwam kama abonyeze sasa, ulimwengu uione.

Akuwam alisogea karibu na kioo. Alikuwa akisoma tarakimu ndogo kwenye pembe ya picha, zile ambazo kamera huandika yenyewe: Jumapili, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni.

"Mzee nilimwambia saa kumi na moja," akasema.