Mstari wa Mama Dobi

Tangu nimalize mtihani wa mwisho wa sekondari, asubuhi zangu zilikuwa zinafanana kama matofali. Naamka, napiga deki sebule, naosha vyombo, halafu nakaa kibarazani kusubiri matokeo ambayo hata tarehe yake haijatangazwa. Sasa huko kukaa ndiko kulikonishinda. Goti linacheza lenyewe. Dakika tano nimeinuka, nimefika kona, nimerudi, nimekaa tena. Nyumbani wananiita Kiguunanjia. Bibi, ambaye huniita mume wake kama bibi wengi wanavyotania wajukuu, alikuwa anawaambia majirani kwamba yeye ameolewa na feni.

Wiki ile tulikuwa na mtoto mchanga. Dada yangu alikuwa amejifungua msichana, akaja kupumzika kwetu. Mtoto alikuwa na siku kumi na bado hana jina, kila mtu anamwita Mgeni. Dada alitaka kumpa jina la mama mzazi wa Bibi. Aliposema hivyo, Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

"Mpe jina lolote, mjukuu wangu," akasema. "Lile hapana. Yule mwanamke alinitupa."

Habari yenyewe tulikuwa tunaijua juujuu. Mama yake Bibi alikuwa dobi wa hospitali kubwa ya mjini, kazi yake kufua mashuka ya wagonjwa. Bibi akiwa na miaka mitatu, mama yake alimpeleka kwa dada yake, akasema anakwenda kazini, na hakurudi. Huyo mama mkubwa ndiye aliyemlea Bibi. Kila alipoulizwa, alijibu kwamba mama yako aliondoka, halafu ghafla anakumbuka kitu cha kufanya jikoni. Akafariki bila kuongeza neno. Bibi sasa ana miaka zaidi ya sabini, na swali lake bado analo.

Baba akasema mtoto anasajiliwa Ijumaa, na leo ni Jumatatu. Hospitali haijahama, na vitabu vyake vya zamani vipo. Kama kuna mtu wa kwenda kutafuta ukweli, basi ni yule anayekichosha kibaraza. Wote wakanigeukia. Nilidhani Bibi atakataa.

"Nenda, mume wangu," akasema. "Lakini ukikuta kweli alinitupa, usinifiche."

Jumanne nikafika hospitali na barua ya Baba mkononi. Nikaelekezwa masijala, chumba cha kuhifadhia mafaili, kipo chini ya ngazi na kinanuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Karani wake ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, kila mtu anamwita Mama Masijala. Akaisoma barua, akaitazama miguu yangu isiyotulia, akasema vitabu vya zamani havipendi pupa. Akanipa kitambaa cha vumbi na rula ndefu ya mbao. Nikamwuliza kama nimekuja kuchora.

"Ya kushikia mstari," akasema. "Macho yana tabia ya kuteleza."

Kila daftari la wafanyakazi lilikuwa pana kama mlango wa kabati. Habari za mtu mmoja zilianza ukurasa wa kushoto, yaani jina, kazi na tarehe ya kuanza, kisha zikavuka mgongo wa kitabu mpaka ukurasa wa kulia. Huko ndiko kulikoandikwa tarehe ya kuacha, sababu, na sahihi yake au alama ya dole gumba. Jumanne nilipiga chafya tu. Jumatano nikapiga chafya tena. Mgongo unauma, goti linagonga meza, na Mama Masijala ananiuliza kama kuna mtu anabisha hodi.

Alhamisi saa tano nikaliona jina. Dobi, wodi zote. Rula ilikuwa imeanguka chini ya meza, nikaona kuinama ni kupoteza muda. Nikavuta kidole moja kwa moja hadi upande wa kulia, nikasoma: "Ameacha kazi kwa hiari. Anahama mji pamoja na mume wake." Pembeni palikuwa na sahihi nzuri yenye mkia.

Nilitoka mbio. Mama Masijala aliniita tuandike kwanza namba ya ukurasa, nikamjibu nikiwa mlangoni kwamba nitarudi.

Nyumbani nilisimulia yote kwa mkupuo, hadi mkia wa sahihi, kama mpelelezi aliyemaliza kesi. Dada alikuwa ananikonyeza ninyamaze, lakini nilikuwa nimeshafika mwisho. Bibi akatikisa kichwa polepole.

"Nilijua," akasema. Kisha akaongeza, kama anajisemea, "Kumbe na kuandika alijua. Mama mkubwa alikuwa ananiambia wao wawili hawakuwahi kushika kalamu."

Akaingia chumbani, akarudishia mlango. Chakula cha mchana hakula, wala cha usiku. Dada akakaa na mtoto mapajani, akasema basi kesho atamwandikisha jina lingine.

Mimi nikarudi kibarazani. Yale maneno ya kalamu yalikuwa yananiwasha kama upupu. Mtu asiyejua kuandika anatiaje sahihi yenye mkia? Nikakikumbuka kidole changu kinavyovuka mgongo wa kitabu, pale kurasa zinapobinuka katikati. Huenda sikusoma mstari wa mama yake Bibi. Huenda nilisoma wa mtu mwingine.

Nitakuwa mkweli. Nilifikiria kunyamaza. Nani angekwenda kufungua lile daftari tena? Nikisema nimekosea, nitakuwa nimemlaza Bibi na njaa bure, na mtaa mzima utanicheka. Nilitafuta hata namna ya kumsingizia Mama Masijala, eti ndiye aliyenisomea. Lakini kila nilipoutazama ule mlango wa Bibi, ulikuwa umefungwa.

Ijumaa masijala ilipofunguliwa, mimi ndiye niliyekuwa nimeegemea ukuta. Nikamwambia Mama Masijala wazi kwamba sikutumia rula, na kwamba nimempelekea bibi yangu majibu nisiyo na uhakika nayo. Hakunigombeza. Aliniambia niiname, na rula ilikuwa palepale chini ya meza. Akafungua ukurasa, akanipa nafasi.

Nikailaza rula chini ya jina, nikaifuata hadi upande wa pili. Mwenye sahihi ya mkia alikuwa mstari wa chini yake, mwanamke mwingine kabisa, mfanyakazi wa ofisini. Mstari wa dobi ulikuwa na maneno machache: "Amelazwa wodi ya kutengwa. Kifua kikuu."

Mama Masijala akavua miwani. Akanieleza kwamba zamani hapo hospitalini madobi walikuwa wanakung'uta na kufua mashuka ya wagonjwa wa kifua bila hata kitambaa cha kuziba pua. Dawa zilikuwa adimu. Siku hizi, akasema, mtu akikohoa wiki mbili anakuja kupimwa, anapewa dawa, akizimaliza zote anapona. Wakati ule wengi waliingia wodi ile na hawakutoka.

Akaleta daftari la wodi yenyewe. Mara hii sikuambiwa, rula nilikuwa nimeishika tayari. Tulimkuta ukurasa wa arobaini. Muuguzi aliyempokea alikuwa na mwandiko mdogo, kama wa mtu anayebana karatasi. Nilisoma mara tatu. Mama Masijala akanakili kila neno, akagonga muhuri, akaniambia saa imekwenda.

Ilikuwa saa nne kasoro. Dada alisema angekuwa ofisi ya usajili tangu saa tatu. Nilikimbia njia nzima na ile karatasi ndani ya shati.

Foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni. Dada alikuwa mtu wa pili kutoka dirishani, na Bibi amekaa kwenye benchi amempakata mtoto. Nilipopita pembeni watu wakanung'unika, mzee mmoja akauliza huyu kijana anakimbizwa na nani. Nikachutama mbele ya Bibi. Pumzi zilikuwa haziji.

"Bibi, ya jana siyo," nikasema. "Niliruka mstari. Niliyokusomea ni habari za mwanamke mwingine. Nilikuwa na haraka, kosa ni langu."

Bibi akamhamishia mtoto bega la pili. Nilitamani anitukane.

"Na mstari wa mama yangu unasemaje?"

Nikafungua karatasi, nikasoma nikiweka kidole chini ya kila neno. Amelazwa na kifua kikuu. Ana mtoto mmoja wa kike, miaka mitatu, yuko kwa dada yake. Ameomba mtoto asiletwe hospitali, hata uani, asije akaambukizwa. Amefariki baada ya miezi kumi na moja. Vitu alivyoacha: shuka moja, kikombe cha bati, gauni la mtoto alilokuwa akishona, mkono mmoja bado. Vimechukuliwa na dada yake. Dole gumba.

"Rudia hapo pa mtoto asiletwe," Bibi akasema.

Nikarudia.

"Nilikuwa na gauni," Bibi akasema, taratibu sana. "Mkono mmoja wa kitambaa kingine. Wenzangu walikuwa wananicheka, wananiita Kiraka. Nilimlilia mama mkubwa alitupe, akakataa. Kumbe alilimalizia yeye."

Dada akauliza kwa nini mama mkubwa hakusema. Bibi akajibu kwamba siku zile nyumba iliyotajwa kifua kikuu watu waliikimbia. Hakuna mtoto angecheza naye, hakuna jirani angempa hata maji. Mama mkubwa alificha ili yeye aishi na watu.

Karani wa dirishani akaita aliyefuata, akauliza jina la mtoto. Dada akageuka kumtazama Bibi. Bibi akainuka mwenyewe na mtoto mikononi, akasogea dirishani, akalitamka jina la mama yake. Karani alipouliza linaandikwaje, akalitamka tena kwa sauti zaidi, na mimi nikamtajia karani herufi moja moja.

Tulipotoka nje Bibi akasimama kwenye ngazi.

"Mume wangu," akasema, "jana ulinipa jibu la haraka, nikalala na njaa. Leo umerudi mwenyewe, ukasema mbele ya watu kwamba ulikosea. Hilo watu wazima wengi hawaliwezi. Lakini shika na hili. Mtu aliyekufa hawezi kukwambia kwamba umemsoma vibaya. Anakungojea wewe uangalie vizuri. Ukimharakisha, unamsingizia."

Nikasema nimesikia. Akanipa mtoto nimbebe, akanishika kiwiko ili ashuke ngazi.

"Na utembee polepole," akasema. "Umembeba mama yangu."