Kioo cha Njano cha Twaha

Twaha alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kaunta ya studio yake, Manundu, mjini Korogwe, na kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Stendi ya kamera, ile nzito ya chuma, ilikuwa imetupwa kando ya kiti. Chini ya kifua chake, nusu ikiwa ndani ya damu, kulikuwa na picha.

Inspekta Agripina Semboja alivaa glovu, akaivuta taratibu, akaitazama. Mdomo ukampinda.

Mwanamke na mwanamume wamekumbatiana. Mwanamke ni Shadya, mke wa marehemu, kichwa wazi, anacheka mpaka jino la mwisho. Mwanamume ni Sadala, muuza vipuri vya pikipiki wa ng'ambo ya barabara.

"Kesi imekwisha, afande," alisema Koplo Jonathan. "Mume kaipata picha, kamuuliza mke, wameshikana. Shadya ndiye aliyemkuta. Mikono yake ina damu."

"Alifuata nini huku?"

"Anasema alimletea mumewe chakula cha jioni."

"Kiko wapi?"

Jonathan alionyesha mlangoni. Sufuria imepinduka, ugali na mchicha vimekanyagwa na askari waliotangulia kuingia. Agripina alimeza hasira.

"Mtu anayekuja kuua mume habebi mchicha, Koplo. Taa ilikuwa inawaka?"

"Anasema aliiwasha yeye. Alikuta giza, mlango umerudishiwa tu."

Agripina aliisogeza picha kwenye mwanga wa taa. Kulikuwa na kitu kinamkera, na si lile kumbatio. Nyuso zilikuwa na rangi mbaya, zimeingia bluu, midomo kama ya watu waliotolewa mtoni. Akageukia kamba ambako Twaha alianika picha za wateja. Bibi harusi mmoja, watoto wa chekechea, mzee wa kitambulisho: wote na ngozi zao walizopewa na Mungu. Basi si wino wa mashine.

Nje, watu walikuwa wamejazana mlangoni kama wako kwenye mnada. Mmoja alikuwa amenyoosha mkono wenye simu juu ya bega la askari, analenga picha aliyoshika Inspekta.

"Shusha mkono huo kabla sijauvunja!" Agripina alifoka.

Alichelewa. Kabla ya usiku wa manane picha ilikuwa imefika Mombo, na asubuhi yake ilikuwa Handeni. Watu hawakusema Twaha ameuawa. Walisema Shadya kafumwa. Mama mkwe, Bibi Mashavu, alishamnyang'anya mtoto, na nguo za Shadya zilitupwa uani kwenye matope. Na yeye mwenyewe alikuwa mahabusu, hana wa kumletea hata maji ya kunywa.

Loo, binadamu! Agripina alikaa ofisini asubuhi na chai iliyompoa.

Alianza na Sadala.

"Shati hili ni lako?"

"Ni langu, afande. Lakini nilipiga nalo picha ya leseni, hapohapo kwa Twaha, peke yangu. Nilisimama kama mti. Huo mkono sijui wameutoa wapi."

"Shadya unamjuaje?"

"Shikamoo, marahaba. Haki ya Mungu, zaidi ya hapo sijui hata sauti yake ikoje."

Kwa hiyo sura ya Sadala ilitoka ndani ya kompyuta ya marehemu. Agripina alirudi studio, akakaa kwenye kiti cha Twaha na simu ya Twaha mkononi. Korogwe nzima ilijua kwamba Twaha alikuwa na ugonjwa mmoja: programu ndogondogo za kompyuta. Wengine wanabishana mpira, yeye alibishana programu. Alikuwa na kundi la WhatsApp la wenye stationery na studio za Korogwe na Handeni, na kila jioni aliwatumia ujumbe wa sauti, wamuombe wasimuombe.

Inspekta alifungua wa kwanza, na sauti ya marehemu ikajaa chumba.

"Wadau, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Leo nawapa programu ya kutafuta faili. Ni ndogo kuliko picha moja ya harusi. Unaandika herufi tatu, faili lako hilo hapo, hujameza mate. Bure, haikuulizi jina, haikuletei tangazo la kupunguza kitambi. Hiyo ndiyo programu yenye adabu."

Uliofuata: "Ile inayokumbuka kila ulichonakili, mimi bila yenyewe kipofu. Ila jamani, kila jioni ifuteni! Wateja wanaacha siri zao humo, na siri ya mteja si ya kuchezea."

Mwingine, sauti imepanda: "Nani bado anatumia zile za kusafisha kompyuta? Acheni ushamba! Inakupigia kelele eti mashine yako ina makosa elfu moja. Kosa la kwanza ni yeye aliyeingia! Kama kompyuta ina vumbi, chukua brashi!"

Agripina alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Kompyuta ya ofisini kwake ilikuwa na mdudu wa namna hiyo, kila anapoandika maelezo ya shahidi kinachomoza kidirisha chekundu kumtisha. Alianza kumpenda huyu marehemu.

Kisha akasikia huu:

"Ile ya kukifanya kioo kiwe njano jua likizama, macho yangu yanaishukuru. Lakini watu wa picha, nawaonya, izimeni kabla hamjagusa rangi! Kwenye kioo mtu unamwona njano, unamwongezea bluu mpaka akae sawa. Ukimtoa kwenye karatasi, huyo kama kalala friji ya hospitali."

Inspekta akasimama. Akakaa tena. Aliiwasha kompyuta ya Twaha, akasubiri palepale mpaka jua lilipozama nyuma ya milima ya Usambara. Hakugusa kitu. Kioo kikaanza kubadilika chenyewe polepole, kikawa njano kama chai ya maziwa.

"Jonathan," aliita. "Picha ile ilitengenezwa hapa, jioni, na mtu asiyejua tabia ya mashine hii. Twaha angeizima programu kwanza, na akiwa hai asingemwachia mtu mashine yake. Na aliyeitengeneza alizima taa ya chumba ili wapita njia wadhani pamefungwa. Akafanya kazi kwa mwanga wa kioo tu. Picha ilipotoka hakuiona rangi yake."

Koplo alihesabu kichwani, uso ukamshuka. "Afande, jioni ile... maana yake Twaha alikuwa..."

"Alikuwa hapo chini. Mtu ameua, akavuta kiti cha marehemu, akakaa, maiti iko miguuni, akaanza kukata na kubandika picha ya mjane wake."

Jonathan alitoka nje bila kuomba ruhusa.

Ujumbe wa mwisho wa Twaha ulikuwa wa usiku wa kuamkia siku aliyokufa. Haukuwa na salamu.

"Nimeletewa kompyuta ya mwalimu mmoja, ina programu ya kusafisha. Hiyo haisafishi kitu. Inafungua kamera, inakupiga picha ukiwa kwako, inampelekea mtu. Nimekagua na kompyuta ya nyumbani kwangu. Nimetapika, wallahi. Aliyeziweka yumo humu ndani na ananisikia. Nampa siku moja aende polisi kwa miguu yake, la sivyo namtaja."

Agripina aliusikiliza mara mbili. Kwa nini hakumtaja palepale, mtu mwenye mdomo kama ule? Nafasi ya namna hiyo mtu anampa ndugu yake.

Alikwenda mahabusu. Shadya alikuwa amejikunyata ukutani, macho yamevimba, maziwa ya mtoto yamemlowesha gauni.

"Mimi sijaja kukutukana," alisema Agripina. "Itazame picha hii, unieleze unaona nini."

"Afande, yule mwanamume simjui..."

"Mwache mwanamume. Jitazame wewe."

Shadya aliangalia. Kisha akaisogeza karibu na macho.

"Dera hili... navaa ndani tu. Hapa niko sebuleni kwangu. Naongea na dada yangu wa Mwanza kwa kompyuta, ananisimulia vituko vya watoto wake."

"Nani alikupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, afande. Nilikuwa na mtoto tu, amelala." Akanyanyua macho. "Hakukuwa na mtu!"

"Kompyuta hiyo nani aliwahi kuitengeneza, mbali na mumeo?"

"Kibwana wa Handeni, mtoto wa mama yake mdogo Twaha. Mwezi wa Ramadhani alikuja kufuturu kwetu, akasema mashine nzito, akaweka kitu cha kuisafisha." Alijishika koo. "Afande, iko palepale tunapokaa. Ameniona mara ngapi?"

Kesho yake Agripina alikwenda Mazinde kwa Mwalimu Maryamu, mwenye kompyuta ile, ambaye daftari la studio lilionyesha alikwisha kuichukua. Swali lilikuwa moja, na jibu moja: fundi alikuwa Kibwana. "Tena kijana mpole, afande, hata soda alikataa," mwalimu alisema. Alipoelezwa alitoka akaenda kukifunika kioo cha kompyuta kwa kitenge, ingawa ilikuwa imezimwa.

Walimkuta Kibwana msibani, kwa Bibi Mashavu. Alikuwa ndiye mshika usukani wa kila kitu: anapokea wageni, anagawa chakula, na katikati ya yote amempakata mtoto wa Shadya. Jeneza alilibeba yeye mbele, watu walisema. Kaburini alilia mpaka akashikwa.

"Mpe mtoto bibi yake," Agripina alisema. "Twende ukatusaidie kidogo."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha kubwa, na asubuhi ile jua lilikuwa kali.

"Siku ya tukio ulikuwa wapi?"

"Handeni, dukani kwangu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Siku nzima, afande. Habari nilizipata usiku kwa simu."

"Kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Twaha uliweka nini?"

"Programu ya kusafisha. Ya bure. Kila mtu anaitumia."

"Na kwa Mwalimu Maryamu?"

"Ile ile. Kama ina matatizo, mimi siyo niliyeitengeneza."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na kila jibu na kitabasamu chake. Agripina alimtazama vile vidole safi vya fundi, akahisi kama ameona mende kwenye pilau. Akabadili njia. Alitoa picha kwenye bahasha, akaishika ikiwa imempa mgongo.

"Umeshaiona hii?"

"Kwenye simu za watu tu. Ilikuwa imepigwa vibaya, haionekani."

"Basi utusaidie, wewe fundi. Mtaalamu wetu wa Tanga anasema aliyeitengeneza ni mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Anasema hajawahi kuona kazi ya ovyo namna hii."

Kitabasamu kilipungua. "Ovyo vipi?"

Agripina aliiweka mezani, palepale penye jua. Kibwana aliinama. Uso wake ukakunjamana, uso wa fundi aliyetukaniwa kazi.

"Huyo mtaalamu hajui lolote! Tazama mkono ulivyokaa begani, tazama kivuli. Hapa pa nywele mtu hawezi kuona maungio. Ila hii rangi..." Aliikwangua kwa ukucha. "Mbona bluu? Kwenye kioo haikuwa hivi, ilikuwa..."

Kalamu ya Koplo Jonathan ilisimama. Kibwana aliisukuma picha mbali naye.

"Malizia," alisema Agripina. "Kwenye kioo ilikuwaje?"

Alionywa kisheria, akaambiwa halazimiki kusema. Akasema. Alisema yote, akiwa ameinamia meza, kwa sauti ya mtu anayelalamika kuonewa. Alikwenda kumbembeleza Twaha anyamaze. Twaha akamjibu kwamba siku imekwisha na anashika simu. Stendi ilikuwa karibu. Picha ya Shadya alikuwa nayo kwenye flashi, ya Sadala aliitafuta kwa ile programu ya marehemu yenye adabu, herufi tatu tu.

"Hizo picha za wanawake ulizifanyia nini?"

"Kuna magrupu, wanaume wananunua."

"Shemeji yako mwenyewe?"

"Sikumgusa, afande. Sijamgusa hata mmoja wao! Wenyewe wanakaa hovyo mbele ya mashine, mimi kosa langu nini?"

Agripina alisimama, akaenda bombani nyuma ya kituo, akasukutua kinywa na kutema mara kadhaa, kama aliyekula kitu kilichooza. Huko Handeni askari walikuwa wameikuta diski yake. Wanawake wa kutoka Vugiri mpaka Handeni walikuwemo humo, wamekaa majumbani mwao, wanachana nywele, wananyonyesha. Kila mmoja ingebidi aitwe, aelezwe.

Mchana Shadya alifunguliwa. Aliweka saini, akapokea kandambili zake.

"Afande, Twaha alikuwa na programu ya kila kitu. Iko inayoweza kuifuta picha ile kwenye simu za watu?"

"Hakuna, mdogo wangu."

Shadya alijifunga ushungi vizuri, akatoka. Pale barazani Bibi Mashavu alikuwa amekaa na mtoto mgongoni, uso umemsinyaa. Alipomwona mkwewe aliinuka kwa taabu.

"Mwanangu, nilikuwa nampikia yule Kibwana. Matanga yote nilimwekea nyama kwa mkono wangu, na wewe uko humo ndani. Nisamehe."

"Mama, tumeishi nyumba moja tangu nimeolewa," alisema Shadya. "Umeonyeshwa picha mara moja tu. Mbona hukuja kuniuliza?"

Bibi kizee alijaribu kufungua mbeleko, akashindwa na fundo, akaanza upya.

"Nilikuona unacheka," alisema mwishowe. "Kwangu hujawahi kucheka namna ile."

Shadya alilifungua fundo yeye mwenyewe, akamchukua mtoto, akaanza kumnyonyesha palepale, mgongo akiwa amewapa watu.