Kila Mtu na Mkono Wake

Kwa maelezo ya Chiku, Laurenti alisimama katikati ya mkutano wa kijiji, akakohoa, akasema: "Mimi na mama Severina tumeshakubaliana. Maji ya mifugo kwanza, ya nyumbani baadaye." Kwa maelezo hayo hayo ya Chiku, watu walipiga makofi mpaka mbwa wakakimbia.

"Kwani wewe ulikuwepo?" Damari, mke wa Laurenti, alimwuliza.

"Sikuwepo. Shemeji yangu alikuwepo. Si ni yale yale?"

Damari aliendelea kupiga alizeti kwa fimbo, mbegu zikiruka kwenye turubai. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Kila alfajiri huenda korongoni na Severina, binti yao wa darasa la tano. Hufukua mchanga, hungoja maji yajichuje, huchota kikombe kwa kikombe. Wakirudi, kipindi cha kwanza kimeshapita. Mwalimu alikuwa amesema wazi kwamba mtoto akiendelea hivyo, atarudia darasa. Leo mumewe aseme maji ya nyumbani yasubiri?

Jioni Laurenti alirudi na ng'ombe wake watatu. Damari alitenga ugali wa mtama na mlenda, akangoja mumewe anawe.

"Baba Severina, nasikia ulinisemea mkutanoni."

"Nani kasema?"

"Chiku."

"Chiku hakuwepo." Laurenti alicheka kidogo. "Mimi sikusema neno. Mtendaji alisema serikali inatengeneza sera mpya ya maji, inataka maoni ya vijiji. Akauliza, kaya zipi zinataka mifugo itangulie? Nikanyoosha mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa kaya."

"Na mimi niko kaya gani?"

Laurenti alimega tonge, akabaki nalo mkononi. "Ndivyo tufanyavyo siku zote. Kaya moja, mkono mmoja. Hata marehemu baba alifanya hivyo."

Kweli, hata Damari alijua hivyo tangu utoto.

Kesho yake akaja Hanifa, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni dada wa Singida mjini, na pikipiki anaendesha mwenyewe. Alikuja kuwaona wanawake wa kikundi cha alizeti. Aliwakuta wanapepeta, akavua viatu, akashika ungo. Damari akamweleza yote.

"Dada Hanifa, hiyo sera ni nini hasa?"

"Ni mwongozo. Ikishapitishwa, mipango yote inaufuata. Ikiandikwa mifugo itangulie, hata kisima kikija, mtajengewa birika la ng'ombe kabla ya bomba."

"Kumbe ng'ombe wa Laurenti wana kura, mimi sina," Chiku akasema. Wanawake wakacheka, lakini si sana.

"Unayo," Hanifa akasema. "Mkutano mkuu wa kijiji si wa kaya. Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane. Mume ana mkono wake, mke ana wake, bibi wa nyumba hiyo naye ana wake. Walivyohesabu si sawa."

"Wameshaandika lakini."

"Wameandika muhtasari. Muhtasari lazima usomwe, watu wauthibitishe au wausahihishe. Utasomwa Jumamosi, na afisa wa wilaya atakuwepo kuuchukua. Nafasi mnayo."

"Saa nne asubuhi?"

"Saa nne."

"Saa nne tunakuwa hatujarudi safari ya pili ya korongoni," alisema Damari. Maana siku zisizo za shule huenda mara mbili.

"Basi nendeni leo kwa mwenyekiti, muombe saa ibadilishwe. Msigombane naye. Na Jumamosi, semeni kilichokosewa na mnavyotaka kisahihishwe."

Wakaenda sita. Mwenyekiti, mzee Mazengo, aliwaona kwa mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mmekuja jeshi zima? Kuna msiba?"

"Hakuna, baba. Tunaomba mkutano uwe saa kumi jioni, na sisi tufike."

Mzee alifikiri. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniomba hilo," akasema. Akabadilisha.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Andrea, mtendaji wa kijiji, alisoma muhtasari: "Kaya themanini na nne zimekubali mifugo itangulie."

Damari alisimama.

"Mwenyekiti, naomba marekebisho. Waliohesabiwa ni kaya. Mimi nina miaka thelathini na mbili, sikuhesabiwa. Mama mkwe wangu huyu hapa, naye hakuhesabiwa. Naomba wahesabiwe watu."

"Laurenti," mtu mmoja akadakia kutoka nyuma, "leo kamba imekuponyoka?"

"Kamba ni ya ng'ombe," Laurenti akajibu. "Huyu ni mjumbe wa mkutano kama wewe."

Andrea alikiri kosa. Walihesabu kaya kwa sababu ilikuwa rahisi. Mwenyekiti akaamuru mikono ihesabiwe upya, ya upande wa mifugo ikianza. Laurenti akanyoosha wake. Damari akamwona. Zamu ya maji ya nyumbani ilipofika, akanyoosha wake, na mama mkwe akanyoosha pia.

"Mmenizidi wawili kwa mmoja," Laurenti akamnong'oneza.

"Kesho nitakuchotea maji ya kunawa," Damari akamjibu.

Mifugo ilipata sabini na sita. Maji ya nyumbani yalipata mia na thelathini na moja. Andrea aliandika hesabu zote mbili, akausoma muhtasari kwa sauti, watu wakauthibitisha. Wakaazimia pia kwamba mikutano yote ya kijiji itakuwa saa kumi jioni, na kwamba kila mtu mzima atahesabiwa peke yake.

Afisa wa wilaya aliuweka muhtasari ndani ya faili, akasimama aondoke. Damari akanyoosha mkono tena.

"Afisa, tuna ombi moja. Sera hiyo ikishaandikwa, kabla haijapitishwa, tunaomba iletwe hapa isomwe. Tujue kama maneno yetu yamo."

Afisa alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama mtendaji. Funguo za gari zililia mkononi mwa afisa, kisha zikanyamaza.

Damari hakuketi. Chiku akasimama kando yake. Kisha mama mkwe akainuka na fimbo yake, na Laurenti naye, na uwanja mzima ukabaki umesimama, ukimngoja afisa aseme.