Kamera Ndani ya Mto Malagarasi

Rafiki yangu Fidele wa Kitahana alichoka kuopoa mgono mtupu, ule mtego wa fito wa kunasia samaki. Siku moja mwaka 1996 akatia kamera kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaziba mdomo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaifunga kwa waya mbele ya mgono, ikiutazama. Kamba ya kufyatulia kamera, iliyopenya kwenye mpira ule, akaizungusha kiganjani, akavizamisha vyote mtoni.

Akavuta. Huko chini, kitu nacho kikavuta.

Kamba ilimbana akapiga magoti matopeni mpaka jua likapinduka, akisikia fito zikikwaruzwa polepole. Ilipolegea, aliopoa mgono. Mtupu.

Mjini Kasulu, Athanase aliyemsafishia picha alimwuliza kwa sauti ndogo, "Yewe Fidele, huyu uliyemfungia humu ni nani?"

Pichani, vidole vitano vilikuwa vimeshika fito, kutokea ndani.