Kitambaa cha Maktaba ya Pamoja

Mwizi alikuwa amekunja kitambaa.

Hilo ndilo lililomsimamisha Mkaguzi wa Polisi Hajra Bwanausi mlangoni, asubuhi ya Jumamosi, katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari mjini Bagamoyo. Kompyuta kuu haikuwapo. Diski ya akiba iliyokaa ubavuni mwake ilikuwa imekwenda nayo. Nyaya zilizobaki zilikuwa zimezungushwa na kufungwa vizuri, na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Katikati ya meza kilikuwapo kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kuikinga mashine na vumbi, kimekunjwa kikawa mraba mdogo, kingo zake zote zimefichwa ndani.

Hajra alikwisha kuona nyumba nyingi zilizoibiwa. Mwizi huangusha, hukanyaga, hubwaga. Huyu alikuwa kama mtu aliyeaga.

Aliamuru kitambaa kipigwe picha, kisha kitiwe katika mfuko wa ushahidi kama kilivyo, bila kukunjuliwa. Fundi wa alama za vidole alitingisha kichwa: meza ile ilishikwa na walimu wote wa shule, na wanafunzi pia.

Mkuu wa shule, Mwalimu Klementina, alieleza hasara kwa sauti ya chini. Shule tano, kuanzia Bagamoyo hadi Ubena, zilikuwa zimeunganisha masomo yao mtandaoni na kuyaita Maktaba ya Pamoja. Walimu wa kila shule waliandika masomo na mazoezi wakayaweka humo. Mwanafunzi alipoingia alipangiwa njia yake peke yake: anayekwenda haraka alisogezwa mbele, anayesuasua alirudishwa nyuma kidogo, mpaka aelewe. Yote hayo yalikaa ndani ya kompyuta ile. Tangu Ijumaa mchana, shule zote tano zilikuwa gizani, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unabisha hodi.

Funguo za chumba zilikuwa mbili. Mmoja ulining'inia nyuma ya mlango wa ofisi ya mkuu wa shule, mahali ambapo mwalimu yeyote angeweza kuufikia. Wa pili ulikuwa wa Najim, kijana fundi wa kompyuta. Ijumaa hiyo alionekana akitoka getini na begi kubwa, na jioni yake polisi wa zamu walimkamata. Jumatatu angefikishwa mahakamani.

Hajra alimkuta mahabusu, ameegemea ukuta.

"Ufunguo ulikuwa kwako."

"Ulikuwa mfukoni, afande. Na mimi nilikuwa msikitini."

"Nani alikuona?"

"Mwenyezi Mungu. Na watu wa safu ya mwisho, maana nilichelewa."

"Begi lilikuwa na nini?"

"Kanzu. Nilipotoka nikapitia sokoni, nikamnunulia mama samaki. Wamenikamata samaki hata hawajakaangwa."

Hajra hakucheka, ingawa alitamani. Alimwonyesha picha ya kitambaa. Najim aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hicho alikifuma mama yake mwenyewe, na kwamba kila akija shuleni humgombeza kwa kukibwaga ovyo juu ya mashine.

"Siwezi kukunja hivi, afande. Hata nikilipwa."

Nje ya kituo, Bi Arafa, mama yake Najim, alikuwa amekaa kwenye ngazi na bakuli lililofunikwa sahani. Aliitikia shikamoo ya Hajra kwa upole, hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu: akishapandishwa kizimbani, hata akiachiwa baadaye, ipo shule itakayompa tena mwanawe ufunguo?

Hajra aliondoka na swali hilo.

Alirudi kwa Mwalimu Klementina. Mwizi aliyebeba hata diski ya akiba huenda alitaka kuficha jambo lisionekane, hivyo akamuuliza Jumatatu shuleni kungekuwa na nini. Mkuu wa shule alishangaa. Hakuwa ameliona kuwa jambo la polisi. Kungekuwa na mkutano wa walimu wa hesabu kutoka shule zote tano. Wanafunzi wa Ubena walikuwa wakipata alama zote ndani ya Maktaba, lakini katika mtihani wa majaribio wa pamoja karibu wote walianguka. Walimu walikusudia kufungua njia ya kila mwanafunzi, waione ukutani kwa projekta, wajue imepinda wapi.

"Nani angependa mkutano huo usifanyike?"

"Afande, hapa sote tunahangaikia watoto."

"Sijasema hamhangaiki."

Mchana ule Hajra alielekea Ubena, akiendeshwa na Koplo Sixbert, mtu mnene mwenye maneno mengi. Kule walimkuta Dija, msichana wa kidato cha nne aliyetajwa na mkuu wa shule kati ya walioanguka, akisaidia kuanika mihogo nyumbani kwa shangazi yake. Alifuta mikono, akaamkia, akakaa mkekani wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Alikuwa ameileta simu ya shangazi yake, ambamo alikuwa amehifadhi picha za matokeo yake ya Maktaba. Alama zote, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hujawahi kukosa?" Hajra aliuliza.

"Zamani nilikosa sana. Nikalia, nikasema sirudi tena kwenye ile mashine. Baadaye nikawa sikosi kabisa."

"Na kwenye mtihani wa majaribio?"

Msichana alitazama mihogo. Alisema alikuta maswali ya vekta. Alidhani amepewa karatasi ya darasa jingine, akanyoosha mkono amwambie msimamizi, na chumba kizima kikamcheka.

"Afande, mimi si mjinga," alisema polepole. "Hizo vekta sikuwahi kupewa. Niliandika ndani ya Maktaba kumuuliza mwalimu wa hesabu wa kule Bagamoyo kwa nini sikuziona. Hakunijibu."

"Mwalimu gani?"

"Jina halitokei. Huandikwa 'Mwalimu' tu."

Wakati wa kurudi walisimama Chalinze, kwa kuwa Sixbert alisema gari lina joto, ingawa macho yake yalikuwa kwenye mishkaki. Malori yalikuwa yamejipanga kandoni, madereva wakinywa chai. Hajra alibaki ndani ya gari, picha ya kitambaa iko mapajani, leso yake mkononi. Alijaribu kuikunja vivyo hivyo. Kila mara ncha moja ilibaki nje.

Sixbert alirudi, akaitazama leso ile inavyoteswa, akafuta vidole vyake na kuichukua. Alikunja theluthi moja kuelekea ndani, akakunja ya pili juu yake, akageuza, akarudia. Mraba ukatokea, kingo zote ndani.

"Umejifunza wapi?"

"Kanisani, afande. Nilikuwa mtumishi wa altare, nikimsaidia padri kwenye meza ya misa, kabla sijawa polisi na mwenye dhambi."

Alieleza kwamba kitambaa kinachotandikwa chini ya kikombe wakati wa misa hukunjwa namna hiyo daima, tatu kwa tatu, kwa ndani, ili chembe yoyote ya hostia, mkate mtakatifu, iliyodondoka isipotee. Padri hufundisha mara moja, na mkono ukishazoea hauulizi tena.

"Wakristo wote hukunja hivyo?"

"Mke wangu ni mwanakwaya, na mashuka yangu hukunjwa kama chapati. Hivi hukunja wale tu wanaohudumu altareni."

Hajra alipiga simu kwa Mwalimu Klementina na kuuliza ni nani kati ya walimu wake anayehudumu parokiani. Mkuu wa shule alijibu bila kusita, kwa fahari kidogo: Mwalimu Wilbrodi. Amekuwa mtunzaji wa sakristia, chumba cha vyombo na vitambaa vya misa, tangu ujana wake. Ndiye mwalimu mkongwe wa hesabu, na sehemu kubwa ya mazoezi ya Maktaba yameandikwa kwa mkono wake.

Kisha fahari ikamtoka, kwa sababu Mwalimu Klementina alikuwa amesikia alichokisema.

Jumapili, baada ya misa, Mwalimu Wilbrodi alikuja shuleni kama alivyoombwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi likanyooka. Hajra alimwamkia, akaitikiwa. Walikaa katika chumba cha walimu, Sixbert karibu na dirisha na karatasi za maelezo. Hajra alimweleza kwamba anahojiwa kuhusu wizi, kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalolisema laweza kutumika mahakamani. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasema ameelewa.

Hajra akakitoa kitambaa, akakikunjua, akakitandaza mezani kati yao. Halafu hakukitaja.

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi, mwalimu?"

"Hapa. Wenzetu Waislamu walikwenda kuswali, wengine walikuwa kwenye chakula. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari."

"Hukuona mtu?"

"Sikuona."

"Mkutano wa Jumatatu uliutarajiaje?"

"Kwa wema. Watoto wa Ubena wanahitaji msaada."

"Nimemwona Dija jana."

Mikono ya mwalimu ilikuwa imefika kwenye kitambaa, ikalainisha kona iliyojikunja.

"Anasema zamani alikuwa akikosa," Hajra aliendelea taratibu. "Alilia. Halafu ghafla akawa hakosi tena. Nimejiuliza mtu huachaje kukosa. Mimi hesabu zilinishinda, lakini nilikosa mpaka siku ya mwisho."

Mikono ilikunja theluthi ya kwanza. Ikakunja ya pili.

"Anasema pia alikuandikia."

Mikono ikageuza kitambaa.

"Alikuuliza vekta ziko wapi."

Mraba ulikuwa umekamilika, kingo zote ndani. Mwalimu Wilbrodi aliutazama kama mtu anayemwona nyoka kwenye kiti chake. Hajra aliiweka picha ya eneo la tukio kando ya mraba ule. Kalamu ya Sixbert ilisimama.

"Mashine iko nyumbani kwangu," mwalimu alisema. "Niliitia kwenye boksi la madaftari, nikaita bajaji. Hakuna aliyeniuliza. Dereva alinisaidia kubeba."

"Kwa nini, mwalimu?"

Alieleza kwa mpangilio, kama afundishavyo. Maktaba ilipoanza, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuangalia njia za hesabu. Watoto wa Ubena walikuwa wakikosa maswali mfululizo, kisha wanaacha kuingia. Mwalimu wao alimpigia simu kumwambia kuhusu Dija na kilio chake. Hapo akaliondoa swali lililomliza, akaweka jepesi zaidi. Wiki iliyofuata akaondoa jingine. Kila lililowashinda aliliondoa.

"Wakaanza kupata alama zote," alisema. "Waliniandikia salamu za shukrani. Afande, nimefundisha maisha yangu yote watoto wanaoliogopa somo langu. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanalipenda."

"Na vekta?"

"Vekta ziliondoka mapema kabisa."

"Kwa nini hukuzirudisha kimyakimya?"

"Mashine huhifadhi jina la kila aliyebadili kitu, na hilo halifutiki. Jumatatu lingesomwa ukutani. Wengi wa walimu wale ni wanafunzi wangu wa zamani. Nilitaka nipate muda, niyaandike masomo yote niliyowanyima, halafu niirudishe na kuomba radhi. Vekta nimekwisha kuzimaliza. Zimo ndani yake."

"Ulikuwa unawalinda watoto, au jina lako?"

Alifikiri kwa uaminifu, na Hajra alimheshimu kwa hilo.

"Nilianza na watoto," alisema. "Sijui ni wapi nilipogeuka."

"Na Najim?"

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha Najim tangu kidato cha kwanza. Alijiambia kijana ni msafi, polisi watamwachia.

"Msafi huyo amelala sakafuni, mwalimu, na mama yake ameshinda kwenye ngazi. Leo asubuhi ulikwenda kanisani."

"Nilikwenda. Komunyo sikuipokea."

Mashine ilikutwa mezani kwake pamoja na diski ya akiba, imewashwa, imefunikwa taulo safi. Jioni hiyohiyo Mkuu wa Polisi wa Wilaya alitia saini Najim aachiwe, na Hajra akamtaka Mwalimu Klementina aje kituoni ampe kijana ufunguo wake mwenyewe, mbele ya watu. Alikuja. Bi Arafa aliushika mkono wa mwanawe na asiuachie.

Walipokuwa wakitoka, Sixbert alikuwa akimwingiza Mwalimu Wilbrodi. Wakakutana katika ujia ule mwembamba wa kituo, mmoja akitoka, mmoja akiingia. Hakukuwa na nafasi ya kupishana bila kutazamana.

Najim alisimama. Hajra aliona mataya yake yakikazana. Alijiweka tayari kuingia kati.

"Shikamoo, mwalimu," Najim alisema.

Mzee alifungua kinywa. Marahaba, neno alilolitoa kila siku kwa mamia ya watoto, halikutoka. Machozi yakamshuka, mpaka Bi Arafa akageuza uso.

"Njia ya Dija," alisema hatimaye. "Ukiiwasha mashine, mfungulie vekta. Swali la kwanza litamshinda. Usilipunguze, Najim. Mwache akose, halafu mwelekeze."

Jumatatu mkutano ulifanyika, na njia zilisomwa ukutani kama ilivyokusudiwa. Siku chache baadaye Hajra alipita Ubena kuchukua maelezo ya mwisho ya shahidi. Dija alikuwa mbele ya kompyuta ya shule. Alijibu swali, na alama nyekundu ikatokea kwenye kioo. Akaitazama. Akamtazama afande. Hajra alijizuia kusema neno la kumfariji.

"Nimekosa," Dija alisema.

Akavuta kiti karibu zaidi na meza, akalisoma swali upya.