Betri ya Landrova

SAA SABA MCHANA, JUMAPILI. Stoo ya mahindi ya kijiji, Mkata. Majambazi walikuwa watatu, wote wa kidato cha tatu, wote likizoni. Mkuu wao, Bonaventura, alichora ramani kwa mkaa juu ya gunia.

"Landrova ya zahanati iko hapa. Saa nane marufuku ya magari ya Jumapili, ya kubana mafuta, inaanza; dereva, Mzee Sadala, anaegesha. Tunang'oa betri. Umeme tunaupitisha kwenye maji ya magadi, maji yanatoa gesi ya haidrojeni. Inawaka bila moshi. Haitoki Uarabuni kama mafuta, inatoka kisimani."

"Serikali itatupa nishani," alisema Habakuki.

"Itaanza na viboko."

Mwinjuma, wa tatu wao, hakucheka. Dada yake Zuena alikuwa mjamzito, siku zimetimia, na kijiji kizima hakikuwa na tone la mafuta ya taa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa gizani. Mkunga hakuona kitovu kimemzonga shingo, mtoto akafa. Bonaventura aliapa: wa pili atazaliwa kwenye mwanga.

SAA NANE NA ROBO. Silaha ilikuwa salamu.

"Shikamoo, mzee," Habakuki alianza. "Za nyumbani? Bibi hajambo? Mbuzi? Mihogo?"

Huku hakuna mtu mzima anayekatiza salamu. Mzee Sadala alijibu moja moja, mgongo kwenye gari. Nyuma yake boneti ilifunguka.

SAA TISA. Stoo. Waya, magadi, chupa imepinduliwa majini. Viputo vikapanda.

Nje, ukelele. Zuena ameshikwa na uchungu, damu haikatiki. Mkunga anataka gari, hospitali ya Korogwe, upesi.

"Jumapili si marufuku?" Habakuki alinong'ona.

"Si kwa mgonjwa," alisema Mwinjuma.

Walisikia watu wakilisukuma gari. Halikuwaka.

Mwinjuma alishika waya. Mkuu akamshika mkono.

"Ngoja chupa ijae, Mwinju."

"Ni dada yangu."

"Na taa hii ni ya nani? Si yake?"

Mwinjuma akangoja. Alimwamini.

Chupa ikajaa. Kiberiti. Pap! Moto ukapita, hafifu, hauonekani vizuri hata mle stooni. Haukumulika hata ukucha. Ndani ya kioo yalibaki matone ya maji.

Mwinjuma alibeba betri, akapiga mlango teke, akataja majina yote matatu mbele ya watu.

Gari liliwaka. Mtoto alizaliwa njiani, juani, kweupe. Hakuhitaji taa ya mtu. Zuena hakufika Korogwe.

JUMATATU ASUBUHI. Bonaventura alikaa chini nje ya ofisi ya kijiji, mikono imefungwa kwa katani. Mwinjuma alipita na jembe la kuchimbia kaburi.

"Mwinju. Habari za nyumbani?"

Mwinjuma akapita bila kujibu.