Kadi ya Josephina

Mimi nimevuka mageti ya kulipia barabara Durban na Nairobi, na bado nikitoka nje usiku naimba ili nisisikie giza. Kwa hiyo msiniulize maelezo. Nasimulia kama alivyonisimulia rafiki yangu Alfredi wa kijijini kwetu Mkunya.

Mkewe, Josephina, aliendesha pikapu Dar, na kila siku alivuka daraja la kulipia kwa kadi ya kielektroniki. Alifariki ghafla, Alfredi akiwa bado kwenye basi kutoka Mkunya akimfuata, hajafika hata Masasi. Hawakuagana.

Tulimzika Mkunya. Juu ya kaburi tukaweka kikombe chake na sahani, kama desturi yetu. Alfredi akaongeza ile kadi.

"Baba Agnes, huko hakuna daraja la kulipia," nikamtania Alfredi, ili asilie. Tukalia wote wawili.

"Laiti ningemsikia hata neno moja tu," akasema.

Baadaye akaenda Dar kuichukua pikapu. Magharibi, mvua ikinyesha, alisimama nayo kwenye geti la lile daraja, akipapasa hela mfukoni. Mashine ikalia, ti! kama iliyoguswa na kadi. Kizuizi kikapanda. Ndani ya gari kulikuwa na giza, waipa zikikwaruza kioo.

Dada wa getini akainama, akatazama kiti cha abiria.

"Shikamoo, mama! Umepotea sana!"

Alfredi akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Akatega sikio mpaka shingo ikamuuma, akasikia mvua tu.

Yule dada akaitikia kwa kichwa kuelekea kile kiti, kama anayeambiwa jambo, akacheka, kisha akamgeukia yeye.

"Baba, mama anasema uwashe taa."